Windows ya kraki si ya bure: nani analipa?



Leo ninaomba tukosoe kitu kimoja ambacho kiko kwenye kompyuta nyingi za wasomi wa miji yetu, toka Bukavu mpaka Lubumbashi, na ambacho hatukikosoangi hata kidogo: ile Windows tunayopashana kwa klé USB. Unajua namna inakwendaka. Mashini imekuwa nzito, unaipeleka kwa fundi, anakuuliza tu "tukuwekee 7 ao 10?", anachomeka klé, anaweka Office, anaweka kraki, na hata antivirusi anaweka ya kraki. Jioni unarudi nyumbani na mashini nyepesi, feza ulizotoa ni kidogo, na unamshukuru.

Sisi tuliosoma tunapenda kukosoa. Tunakosoa TFC ya mwenzetu, hotuba ya waziri, mradi wa ONG. Lakini kazi ya yule mtu aliyetengeneza Windows ya kraki, ambaye hata jina lake hatulijui, tunaipokea bila swali. Mimi ni mtu wa agronomia, siyo wa informatika. Katika agronomia walitufundisha swali moja la kuuliza mbele ya kila mbegu: imetoka wapi, na nani ameikagua? Ndilo swali nitauliza hapa. Na jibu langu ninalitoa mapema: ile sistemu tunaiita ya bure, lakini kuna mtu anayeilipia, na mara nyingi mtu huyo siye mwenye kompyuta.

Vitu viwili ndani ya klé moja

Tutenganishe kwanza vitu viwili, juu tunavichanganyaka.

Kitu cha kwanza ni sistemu iliyozeeka. Microsoft yenyewe iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8/4/2014. Windows 7 ikafuata tarehe 14/1/2020. Windows 10, ile wengi wetu tuko nayo, ilifikia mwisho wake wa kawaida tarehe 14/10/2025. Mwisho huo hauzimi mashini. Inawaka, Word inafunguka, muziki unaimba. Kilichokwisha ni masasisho ya usalama, ile sisi tunaita mise à jour: kila mwezi kampuni inaziba matundu yaliyoonekana ndani ya sistemu. Ukisha kutoka kwenye orodha yao, matundu yako yanabaki wazi.

Tena hali inazidi kuharibika siku kwa siku. Windows mpya na za zamani zinagawana vipande vingi vya ndani. Microsoft ikiziba tundu moja katika Windows 11, wezi wanalinganisha faili la zamani na lile jipya, wanaona tundu lilikuwa wapi, kiisha wanajaribu kama tundu lile lile liko kwenye Windows 7. Na programu zingine nazo zinaondoka pamoja na sistemu. Chrome, kwa mfano, iliacha Windows 7 mwezi wa 2/2023: toleo la mwisho linalokubali ni la 109. Mtu anayefungua barua zake leo na Chrome kwenye Windows 7 anatumia mlango ambao hakuna fundi anayeutengeneza tena.

Kitu cha pili ni sistemu iliyobadilishwa. Utaona majina kama "Lite", "Super Lite" ao "Gamer". Mtu fulani alichukua Windows ya kweli, akakata vipande, akaongeza vyake, akafunga upya na kuiachilia intaneti. Vipande ambavyo watengenezaji hao wanapenda kukata ni vile vinavyokula RAM na mégas, na kati yavyo muna mara nyingi Windows Update yenyewe na Defender. Kwa hiyo unaweza kuwa na Windows ambayo ni mpya kwa jina, lakini imesimama siku ile ilipokatwa, kama vile Windows 7.

Yaliyokwisha kutokea

Kuna wanaosema hizi ni hadisi za kutisha watu. Tuangalie mambo yaliyoandikwa na kujulikana.

Tarehe 12/5/2017 ilitokea virusi moja inaitwa WannaCry. Ilikuwa inafunga mafaili yote ya mashini na kudai dola 300 za Bitcoin. Haikuhitaji mtu abofye kitu. Ilitembea yenyewe toka mashini moja mpaka ingine kupitia tundu la Windows. Chombo cha kupitia tundu hilo kilikuwa cha shirika la upelelezi la Marekani, NSA. Kilikuwa kimemwagwa intaneti mwezi mmoja mbele. Katika siku chache virusi hiyo iliingia mashini zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150. Kule Uingereza iliingia hospitali za serikali, na miadi ya wagonjwa karibu 19,000 ikafutwa.

Sasa sikiliza vizuri. Dawa ya tundu lile Microsoft ilikuwa imetoa tarehe 14/3/2017, karibu miezi 2 mbele. Mashini nyingi zilizopatwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inahudumiwa. Kosa lao lilikuwa tu kutoweka masasisho. Ni kusema mashini iliyochelewa miezi 2 ilianguka. Zetu zimechelewa miaka mingapi?

Hiyo ni ya sistemu iliyozeeka. Kwa ile iliyobadilishwa, mwezi wa 6/2023 kampuni ya antivirusi ya Urusi, Doctor Web, ilitangaza kwamba imepata virusi ndani ya Windows 10 za kraki zilizokuwa zinagawanywa kwa torenti. Virusi ilikuwa imejificha katika sehemu ya diski inayoitwa EFI, ile mashini inasoma wakati inawaka, na ambayo antivirusi nyingi haziangaliangi. Kazi yake ilikuwa kungoja: mwenye mashini akikopi anwani ya kutuma feza za kidijitali, virusi inaibadilisha na kuweka anwani ya mwizi. Walihesabu kwamba wezi walikuwa wamekwisha kukusanya karibu dola 19,000. Wenye kompyuta zile hawakupata virusi nyuma ya kuweka sistemu. Waliiweka na mikono yao, pamoja na sistemu.

Na kraki yenyewe? KMSPico ni jina ambalo kila fundi wetu analijua. Mwezi wa 12/2021 kampuni ya Marekani, Red Canary, ilieleza namna KMSPico za uongo zilikuwa zinabeba CryptBot, programu inayokusanya maneno ya siri yaliyowekwa ndani ya navigateur na kuyapeleka kwa wezi. Hapa muna jambo la kuchekesha na la kuhuzunisha: maelezo ya kraki nyingi yanaanza kwa kukuomba ufunge antivirusi. Tunaambiwa tumfukuze mlinzi mbele ya mgeni kuingia, na tunatii, hata sisi wenye diploma.

Wale wa agronomia watanielewa haraka. Mnyauko wa migomba, ule ugonjwa wa bakteria, uliingia upande wa Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ukamaliza mashamba. Kati ya njia zilizoueneza muna hizi mbili: panga iliyokata mgomba mgonjwa kiisha ikakata mzima bila kupitishwa kwenye moto, na miche iliyoonekana mizuri kwa macho huku bakteria iko tayari ndani. Klé ya fundi inayotoka mashini moja kuingia ingine ndiyo ile panga. Na Windows "Lite" ndiyo ule mche. Kuweka antivirusi juu yake ni kama kunyunyizia majani dawa wakati ugonjwa uko ndani ya shina.

Majibu tunayojipa

Majibu matatu ninayasikiaka kila mara. Yanastahili kupimwa kwa haki.

La kwanza: "Microsoft nayo si inatupeleleza?" Kuna ukweli. Windows 10 na 11 zinatuma kwa kampuni habari za mashini, na katika matoleo ya kawaida huwezi kuzima hayo yote. Mwaka wa 2016, CNIL, shirika la Ufaransa linalolinda habari za watu, liliipa Microsoft onyo rasmi kwamba Windows 10 inakusanya kupita kiasi, na mwaka wa 2017 likafunga faili hilo kisha kampuni kufanya marekebisho. Angalia mfano huo vizuri. Kulikuwa na jina, anwani, na mtu wa kuitwa ajieleze. Yule aliyekata Windows yako ya Lite, nani atamwita? Kuikimbia kampuni inayojulikana na kuingia kwa mtu asiyejulikana hakuongezi siri yako.

La pili: "Mashini yangu iko na RAM ya giga 2, Windows ya kweli inaiua." Hilo ni kweli kabisa, na simlaumu mtu anayelisema. Windows 11 inadai RAM ya giga 4, diski ya giga 64 na kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 ambacho mashini nyingi za mtumba hazina. Lakini shida hiyo iko na dawa zingine, nitazitaja hapa chini.

La tatu ndilo linanikasirisha: "Mimi niko na nini ya kuibiwa?" Ebu tulifungue.

Ndani ya kompyuta yako muna nani?

Chukua agronome mmoja anayefanya uchunguzi kwa ajili ya mradi katika vijiji. Mwisho wa mwezi ndani ya mashini yake muna faili ya Excel. Muna majina ya walimaji mia kadhaa, namba zao za simu, kijiji, ukubwa wa shamba, idadi ya mbuzi na ngombe, nani ni mjane, nani alipokea feza za msaada kwa M-Pesa ao Airtel Money, na alama za GPS za kila shamba. Mara nyingi muna picha pia.

Sasa weka faili hiyo katika mazingira yetu. Katika Kivu na Ituri, shamba ni jambo la watu kuuana. Habari ya kwamba mama fulani amepokea feza juma hili, ao kwamba familia fulani iko na ngombe 8 mahali fulani, inaweza kumletea wageni usiku. Yule mama alikupa namba yake juu alikuamini, ulikuja na kofia ya mradi na daftari, ukamwambia "habari zako zitabaki siri". Kama neno hilo lilisemwa na mtu ambaye kompyuta yake iko na Windows 7 ya kraki, Wi-Fi imewaka na klé inatembea mtaa mzima, ahadi ile haikuwa na nguvu yoyote nyuma yake.

Na si agronome tu. Muuguzi iko na orodha ya wagonjwa. Mwanasheria iko na faili za wateja. Mwalimu iko na matokeo ya wanafunzi. Sekretere wa chama chetu iko na CV zetu na picha za kadi zetu za uchaguzi, ambazo katika nchi yetu ndizo tunatumia kama kitambulisho. Ingia kwenye nyumba ndogo ya kuchapa na kufotokopi iliyo karibu na universite yoyote, angalia kioo cha mashini: muna kadi za watu, diploma, barua za kuomba kazi, mpaka maungamo ya TFC ambazo hazijatetewa. Mwenye nyumba si mtu mubaya. Anatafuta tu maisha. Lakini mashini ile inapokea klé za watu wote, na watu wanafungua hapo barua zao na kusahau kutoka.

Kwa hiyo "sina cha kuibiwa" ni jibu la mtu anayejihesabu peke yake. Sheria nayo inatuona tofauti. Code du numérique ya nchi yetu, ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13/3/2023, iko na sehemu nzima juu ya kulinda habari za watu, na inadai kwa anayezishika azilinde. Anayebeba orodha ya walimaji 300 ameisha kuwa mshikaji wa habari za watu, apende asipende.

Lawama igawanywe vizuri

Nisije nikaonekana namtupia fundi wa mtaa kila kitu. Fundi anajibu soko. Lawama ya kwanza ni ya bei. Windows 11 Home inauzwa na Microsoft dola 139. Kwa familia nyingi hapa, hizo ni feza za masomo. Kampuni inayoweka bei ile kiisha inashangaa watu wanaiba haijaangalia watu.

Lawama ya pili ni ya wanaotuajiri. Miradi inakuja na gari, kofia, t-shirt na banda la semina. Mchunguzi naye anaambiwa aje na kompyuta yake. Mkataba unasema "usiri wa habari", lakini katika bajeti hakuna hata franka moja ya kompyuta yenye sistemu halali. Anayeandika neno usiri bila kununua chombo chake anajilinda yeye tu, siku mambo yatakapoharibika.

Lawama ya tatu ni ya shule zetu. Tunafundishwa SPSS ya kraki na walimu walioipata kwa kraki, wakati R ni ya bure na halali, na inafanya hesabu zote za TFC ya agronomia. Tunatoka na lisansi ya universite, tukiwa tumejifunza kwamba chombo cha kazi ni kitu cha kuokota. Hiyo ndiyo kasoro kubwa zaidi ya ile Windows kwa maoni yangu: imetuzoesha kutouliza kitu kimetoka wapi.

Tufanye nini na mifuko yetu hii

Kukosoa bila njia ni kelele. Haya ninayoyaandika yanawezekana hapa kwetu.

1. Kama lazima Windows, pakua faili yake kwenye saiti ya Microsoft yenyewe. Kupakua hakulipishwi. Windows ya kweli ambayo haijaamilishwa inaandika maneno kwenye kona na inakukataza kubadilisha picha ya kioo, lakini inaendelea kupokea masasisho. Lisansi bado unapaswa kuitafuta, siifichi hiyo. Lakini kwa usalama, kati ya Windows yenye maneno kwenye kona na Windows iliyokatwa na mtu asiyejulikana, ya kwanza ni bora mara nyingi.

2. Aliye na Windows 10 halali: Microsoft ilitoa mpango wa kuendelea kupokea masasisho ya usalama mpaka 13/10/2026, kwa dola 30 ao bila kulipa ukikubali kuunganisha mipangilio yako na akaunti yao. Huo ni muda wa kujipanga.

3. Mashini ya zamani: jaribu Linux Mint ya Xfce ao Lubuntu. Ni za bure, halali, nyepesi, na zinapokea masasisho. LibreOffice inafungua faili za Word. Wakati mwingine mpangilio wa kurasa unasogea kidogo, kwa hiyo TFC itume kwa PDF. R na QGIS zinafanya kazi humo bila shida. Unaweza kuijaribu kwa klé bila kufuta kitu, uone kama unaipenda.

4. Windows 7 ambayo haiwezi kuondoka, tuseme juu imprimante fulani inaidai: ikate intaneti kabisa. Ibaki ya kuchapa tu. Barua, benki na orodha za watu zisiguse mashini ile.

5. Habari za watu: tenganisha majina na majibu. Faili moja iwe na kodi tu, ingine yenye majina na simu ifungwe na VeraCrypt, ambayo ni ya bure. GPS ya shamba isipohitajiwa na utafiti, usiichukue. Kazi ikiisha na mradi umepokea vyake, futa.

6. Kwenye nyumba ya kuchapa, peleka PDF, chapisha, simama hapo mpaka faili imefutwa. Usifungue barua zako kwenye mashini ya watu. Na kwenye barua yako weka uhakikisho wa hatua mbili, ili neno la siri likiibiwa peke yake lisitoshe.

Na tatizo la mégas? Hapo chama kinaweza kusaidia kuliko mtu peke yake. Faili ya Linux Mint iko na kama giga 3. Mmoja wetu mwenye intaneti nzuri anaipakua mara moja, tunaikagua kwa SHA-256, ile namba ndefu ambayo watengenezaji wanaitangaza kwenye saiti yao, kiisha tunapashana. Namba ikilingana, faili haijaguswa na mtu. Klé itembee kama kawaida yetu, lakini sasa tunajua mbegu imetoka wapi. Windows 10 na 11 nazo ziko na njia ya mashini za mtandao mmoja kugawana masasisho, moja ikipakua zingine zinachukua kwake. Siku moja kila miezi mitatu, kwenye sale yenye Wi-Fi, kompyuta 20 zinaweza kutengenezwa.

Ninapendekeza tuanze na zile zinazobeba habari za watu wengine: ya sekretere wa chama, na za wenzetu walio katika uchunguzi vijijini. Za michezo na sinema zinaweza kungoja. Ninyi mafundi wa informatika mlio kati yetu, tunawahitaji siku hiyo. Na ninyi mnaosaini mikataba ya uchunguzi, ulizeni mbele ya kusaini kompyuta inatoka wapi na nani anailipia sistemu. Swali hilo halijawahi kuandikwa kwenye mkataba hata mmoja niliouona.